Kikao Kinachoendelea Baada ya Laptopu Kufungwa

Siku hiyo, sisi wa timu ya programu, tulikuwa wanane chumbani na watatu kwenye skrini. Chumba chetu cha mikutano pale Mikocheni, Dar, kina meza ya watu sita, feni inayolalamika, na laptopu moja inayowekwa ncha ya meza, ikiwaona vizuri watu wawili wa mbele na bega la wa tatu. Kwenye skrini kulikuwa na dada yetu wa Mwanza, kaka wa Arusha, na kijana wa Unguja ambaye kamera yake sijawahi kuiona ikiwaka tangu aajiriwe. Hoja ilikuwa moja: mteja akilipa kwa simu, halafu mtandao wa simu usiturudishie jibu ndani ya sekunde 60, mfumo wetu umwambie nini?

Tukakubaliana umwambie malipo yameshindikana. Nikauliza kama ninavyouliza siku zote, "Tuko pamoja?" Skrini ikajibu, "Tuko pamoja." Nikafunga laptopu.

Watu hawakuinuka. Mmoja wetu alikuwa ameshika peni ya ubao tangu kikao kinaanza bila kuitumia, na sasa akasema, "Lakini jamani, kama hela imeshakatwa kwa mteja je?" Akachora boksi tatu na mishale kati yake. Mwingine akafuta mshale mmoja kwa kidole. Baada ya dakika kumi tulikuwa tumegeuza uamuzi wote: malipo yabaki "yanasubiri", na mfumo wenyewe uwe unakwenda kuuliza hali ya muamala mpaka upate jibu la uhakika. Ulikuwa uamuzi bora kuliko ule wa kwanza, sina ubishi. Tukashuka kwa mama ntilie tumeridhika. Hakuna aliyemwandikia dada wa Mwanza, na tiketi ya kazi hiyo, yaani jukumu la kuiandika, ilikuwa yake.

Akaandika alichoambiwa. Akakijaribu, kikafaulu majaribio yote, maana majaribio nayo aliyaandika kufuata yale tuliyokubaliana. Aliyepitia msimbo wake, yaani maandishi ya programu, ni kaka wa Arusha, naye ubao hakuuona. Ukaingia kazini Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi simu za huduma kwa wateja zikaanza kuita: watu walioambiwa malipo yameshindikana walilipa tena, na wapo waliolipa mara tatu. Tulikaa wiki nzima tukirudisha hela za watu, muamala mmoja mmoja. Kwenye kikao cha kutafuta chanzo, dada hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Mlibadilisha saa ngapi?" Nikafungua kalenda kumjibu, na kwenye kalenda hiyo saa haikuwepo.

Kiongozi wa kikao nilikuwa mimi, kwa hiyo kosa ni langu. Nalieleza hapa kwa sababu sidhani kama ni langu peke yangu. Timu za programu Dar, Nairobi na kwingineko zimezoea sasa kufanya kazi kwa mseto, wengine ofisini, wengine nyumbani, wengine mkoa mwingine kabisa, na mazungumzo kuhusu namna ya kukutana huishia kwenye vifaa: kamera inayomgeukia anayesema, maiki ya kuning'inia darini, televisheni kubwa ukutani. Baadhi nimevinunua. Sauti imekuwa nzuri, picha imekuwa nzuri, na mambo yameendelea kuharibika kwa mtindo uleule, kwa sababu shida haikuwa ndani ya ile saa moja iliyoandikwa kwenye kalenda. Kikao kiko pale uamuzi unapofanyika, na uamuzi una tabia ya kusubiri laptopu ifungwe.

Hesabu yake ni nyepesi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba njia za mawasiliano ndani ya timu huongezeka haraka kuliko watu: chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa mmoja, gawa kwa mbili. Sisi 11 tuna njia 55. Sasa zigawe kwa chumba. Kati ya wanane waliokaa pamoja ziko njia 28, na hizo zina kila kitu, macho, minong'ono, kukanyagana miguu chini ya meza. Kati ya wale watatu wa nje ziko njia tatu. Zinazobaki, 24, ndizo zinazounganisha nje na ndani, na zote zinapita kwenye maiki moja ya laptopu iliyokaa ncha ya meza, karibu na feni.

Kilichonifumbua macho zaidi ni siku mbili za wiki. Sisi wa Dar tunakwenda ofisini Jumanne na Alhamisi. Jumatatu kila mtu yuko kwake, anayetoka Mbagala na anayetoka Goba hakuna anayegusa foleni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiona vikao vya Jumatatu vinakwenda vizuri, vinaisha mapema, na watatu wa mikoani wanachangia kama watu wengine. Jumanne, watu walewale, hoja zilezile, wale watatu wanageuka wasikilizaji. Nilidhani ni uchovu. Kumbe Jumatatu tuko viboksi 11 sawa kwa sawa, na Jumanne tuko boksi moja kubwa lenye watu wanane na viboksi vitatu vya pembeni. Kazi ya mbali haikutushinda. Kazi ya ofisini nayo haikutushinda. Kilichotushinda ni kuzichanganya katika saa moja.

Na madhara yake hayaishii kwenye hisia za mtu. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alichapisha makala kwenye jarida la Datamation akisema kwamba taasisi inayobuni mfumo itazaa mfumo wenye umbo la mawasiliano yake yenyewe. Watu wa fani hii wanaijua kama sheria ya Conway, na mara nyingi wanaitaja kama utani. Mimi nimeiona kwa macho. Nilipoufungua mfumo wetu kutazama nani kaandika nini, moyo wa malipo wote ulikuwa umeandikwa na watu wanaokuja Mikocheni. Ripoti, dashibodi na barua pepe za kumkumbusha mteja, ndizo walizopewa wa mikoani. Hakuna aliyewahi kukaa akapanga hivyo. Ilitokea tu, Jumanne baada ya Jumanne, kwa sababu kazi ngumu hugawiwa ubaoni na aliye karibu na ubao ndiye anayesema "hiyo niachieni". Na mahali ambapo mfumo ulikuwa ukikatika mara kwa mara ni pale pale moyo wa malipo unapokutana na dashibodi, yaani mpaka wa chumba na skrini, umechorwa ndani ya msimbo.

(Nasema msimbo kwa ajili ya heshima ya ukurasa. Ofisini tunasema kodi, na siku moja mzee mmoja aliyekuja kurekebisha kiyoyozi alitusikia tukibishana kuhusu "kodi chafu ya mwaka jana", akatushauri kwa upole twende TRA kabla hawajaja wenyewe.)

Fani yenyewe ilianza na imani kubwa katika chumba. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah huko Marekani, wakatoka na tamko la agile, mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupifupi, ambalo hadi leo ndilo msingi wa namna timu nyingi zinavyofanya kazi. Kati ya kanuni 12 zinazoambatana nalo, moja inasema njia bora kabisa ya kufikisha habari ndani ya timu ni mazungumzo ya ana kwa ana. Wakati wanaandika hayo, Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilikuwa na miaka kumi tangu Linus Torvalds aianzishe, na waliokuwa wakiijenga walikuwa wamesambaa nchi mbalimbali, wakibishana kwa barua pepe, wengi wakiwa hawajawahi kupeana mkono. Njia zote mbili zimetoa kazi nzuri. Tofauti ni kwamba kila moja ilijua iko upande gani. Sisi wa mseto tumechukua vikao vya watu wa chumba kimoja tukaviendesha kwa watu wa Linux bila kuchukua maandishi yao.

Chukua stendapu, kile kikao kifupi cha kila siku. Jina lenyewe linasema watu wasimame, ili miguu ichoke na maneno yawe machache. Kwa mseto nani anasimama? Aliye nyumbani amekaa kitandani, aliye ofisini anazungusha kiti. Kilichobaki ni dakika 15 na ile litania: jana nilifanya hiki, leo nitafanya kile, sina kizuizi. Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa agile tunakotoa stendapu, uliyaondoa maswali hayo matatu katika toleo la 2020, ila sisi tumeyashika kama sala. Sijawahi kumsikia kijana wa mwaka wa kwanza kazini akisema mbele ya mabosi wawili kwamba ana kizuizi. Anasema "naendelea vizuri, mkuu", kisha saa sita usiku ananitumia meseji: "Kaka, samahani kwa usumbufu, hii kitu imenigomea tangu juzi."

Hapo tunagusa jambo ambalo vitabu vya Marekani havitatuandikia. Adabu yetu ya kikao ni kutompinga mkubwa hadharani. Chumbani adabu hiyo ina mlango wa nyuma: unaona mtu amekunja uso, amevuta pumzi, ametazama chini, na kiongozi mwenye akili anasema, "Naona dada una la kusema." Kwenye skrini unaona herufi moja ndani ya duara. Kimya chake unakisoma kuwa kibali kwa sababu ndivyo inavyokufaa. "Tuko pamoja?" ni swali lenye jibu moja tu linaloruhusiwa, na nimeacha kuliuliza. Siku hizi namtaja mtu nauliza, "Kaka wa Arusha, ukiamka Jumatatu ukakuta hii imeharibika, itakuwa imeharibikia wapi?" Mtu akiombwa aonyeshe mahali kitu kitakapovunjika, hampingi mkubwa. Anafanya kazi yake. Majibu niliyoyapata kwa swali hilo yameniokoa zaidi ya mara moja.

Kuna na chumba cha lugha. Mteja wetu mmoja yuko New York, kwa hiyo kikao chake ni Kiingereza. Kinakwenda kwa adabu, kila mtu anasema sentensi alizoziandaa. Kikiisha, wa chumbani tunabaki na kuhamia Kiswahili, na hapo ndipo ubishi wa kweli unapoanza: nani alielewa nini, kwa nini ile tarehe haiwezekani, na kwamba yule mteja anaposema "labda" anamaanisha hapana. Mambo yote mazito ya kikao yako kwenye dakika hizo. Aliye Unguja, ambaye naye ni Mswahili kutuzidi sote, ameshakatwa. Amebaki na nusu ya Kiingereza ya kikao, ile nusu isiyo na mifupa.

Kikao hicho cha New York kina vituko vyake vya saa. Kwa mteja kiko asubuhi ileile mwaka mzima. Kwetu, ambao saa hatuisogezi mbele na nyuma kama Wamarekani, kiko saa kumi na moja jioni wao wakiwa kwenye majira ya joto, halafu mwezi wa kumi na moja kinaruka hadi saa kumi na mbili na kuangukia magharibi, wakati sehemu ya timu inataka kwenda kuswali na wengine wako njiani kwenye mwendokasi. Kila mwaka tunashtuka upya. Na kila mwajiriwa mpya hukosea mara moja mwaliko wa kalenda kati ya saa tatu yetu na saa tatu ya kompyuta. Hilo halina dawa, tunacheka tu.

Sasa, msomaji anaweza kusema: kama mambo yako hivyo, rudisheni kila mtu ofisini yaishe. Amazon imewataka wafanyakazi wake wa ofisini siku tano kwa wiki tangu Januari 2025. Hata Zoom, kampuni iliyotajirishwa na mikutano ya mbali, mwaka 2023 iliwataka wafanyakazi wanaoishi karibu na ofisi waende siku mbili kwa wiki. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipita kwa dharau. Wachumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais walichunguza wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ya Marekani, wakakuta kwamba waliokaa jengo moja na timu yao walipata maoni mengi zaidi kwenye msimbo wao kuliko waliotenganishwa na timu, na waliofaidika zaidi ni vijana na wanawake. Nayaamini matokeo hayo kwa sababu nimeyaishi. Niliyojifunza miaka yangu miwili ya kwanza nilijifunza kwa kukaa nyuma ya kiti cha mtu na kutazama vidole vyake. Hakuna kikao kilichonifunza hivyo.

Upande wa pili, mchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwagawa wafanyakazi 1,612 wa Trip.com, kampuni ya huduma za safari nchini China, wengine wakafanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki na wengine siku zote ofisini. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2024: kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja kwa walioruhusiwa kukaa nyumbani, na utendaji wao pamoja na kupandishwa vyeo havikuonyesha tofauti. Kwa ofisi kama yetu, ambayo ikimpoteza mtu wa malipo inachukua nusu mwaka kumpata mwingine, theluthi hiyo si ya kuchezea. Na dada wa Mwanza hahamii Dar. Ana mama mgonjwa na ana shamba. Tukimlazimisha tutampoteza, na atakayefurahi ni kampuni ya nje itakayomlipa kwa dola akiwa hukohuko Mwanza.

Kwa hiyo siku za ofisini tunazo, ila tumezibadilisha kazi. Jumanne na Alhamisi ni za kukaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, kufundishana, kugombana kama kuna ugomvi, kula pamoja. Kikao cha timu nzima tumekihamishia Jumatatu na Ijumaa, kila mtu akiwa kwake. Ilionekana kichekesho mwanzoni, kwamba siku tukiwa pamoja hatufanyi mkutano na siku tumetawanyika ndiyo tunakutana. Lakini kumpandisha mtu daladala mbili aje akae na hedifoni masikioni akiwatazama wenzake kwenye Zoom, hilo ndilo kichekesho zaidi.

Ikilazimu kukutana siku ya ofisini, kuna masharti mawili. La kwanza ni la kiufundi: akiwepo hata mmoja wa nje, kila wa ndani anajiunga kwa laptopu yake, na spika zote zinazimwa isipokuwa moja, la sivyo mwangwi utawafukuza wote. La pili lina nguvu zaidi: mwenyekiti awe aliye nje. Dada wa Mwanza akiwa kitini, chumba kinalazimika kumsubiri. Mara ya kwanza alipoongoza, yule jamaa wa peni ya ubao aliinuka akaanza kuchora, kwa mazoea. Ikasikika sauti, "Kaka, ubao huo mimi siuoni." Akasimama pale sekunde kadhaa kama mtoto aliyekutwa jikoni, akarudi kuketi, akachora kwenye faili tunaloliona wote. Michoro yake ni mibaya zaidi huko kwa sababu anatumia kipanya, lakini sasa inabaki.

Sharti kubwa kuliko yote ni maandishi, na hapa ndipo nilipokutana na upinzani. "Sisi si watu wa kuandika," aliniambia mwenzangu mmoja, "sisi ni watu wa kuongea." Nilimuuliza yuko kwenye makundi mangapi ya kamati za harusi. Akacheka, alikuwa kwenye matatu.

Kamati ya harusi ya Kitanzania ni mkutano wa mseto ulioanza kabla ya sisi kulijua neno. Jumapili wajumbe kumi na tano wanakaa ukumbini Sinza. Wengine themanini wako Dodoma, Muscat, London, wanafuata kwenye WhatsApp. Na inafanya kazi, harusi zinafana, mamilioni ya shilingi za watu wengine yanakusanywa na mweka hazina asiye na stashahada yoyote ya uongozi wa miradi. Kwa nini? Kwa sababu katibu hana mchezo. Kikao kikiisha, usiku huohuo anamwaga kundini maazimio kwa namba. Orodha ya michango inarushwa upya kila mtu anapolipa, jina, ahadi, taslimu, baki, na shangazi aliye Muscat anaona jina lake limehamia kwenye waliokamilisha saa ileile alipotuma. Kikao kinachofuata kinaanza na yatokanayo na kikao kilichopita. Jaribu kubadilisha rangi ya mapambo kwa mazungumzo ya pembeni baada ya kikao uone. Utaulizwa kundini, mbele ya ukoo mzima, ni nani aliyeamua na lini. Ndilo swali la dada wa Mwanza, na kamati ya harusi ina jibu lake.

Basi tumeiga. Tuna daftari la maamuzi, faili moja ndani ya hazina ileile ya msimbo. Wazo la kuandika maamuzi ya usanifu kwa kurasa fupi lilienezwa na mhandisi wa programu Michael Nygard mwaka 2011: hali ilikuwaje, tumeamua nini, uamuzi utatuletea nini, kizuri na kibaya. Tulichoongeza ni lugha na saa. Tunaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ubishi ulikuwa wa Kiswahili na sababu za kweli ziko humo. Tafsiri ya mteja inafuata baadaye. Na uamuzi hauanzi kufanya kazi mpaka mtu mmoja wa nje auidhinishe kama anavyoidhinisha msimbo. Kabla ya hapo ni maoni ya watu waliokuwa wamesimama karibu na ubao, hata wakiwa wanane, hata mimi nikiwemo.

Zoezi halisi la mtindo huu tulikuwa tumeshalipata bila kulipanga. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki yote. Jumatatu hakukuwa na video ya mtu yeyote, wa Dar wala wa mikoani. Tukaendesha siku kadhaa kwa meseji na kwa faili hilohilo, ambalo wakati huo halikuwa na utaratibu wowote. Kazi ilikwenda polepole, lakini nilipokuja kuyasoma maandishi ya siku zile baadaye niligundua kitu: kijana wa Unguja, ambaye vikaoni ni "sina la kuongeza", alikuwa ameandika kurasa mbili akieleza kwa nini namna tunavyohifadhi miamala itatugharimu. Alikuwa sahihi. Alikuwa amejua muda mrefu.

Kuhusu kamera yake, nilimuuliza faragha. Akaniambia anatumia bando lake la simu, na kikao cha video kinaweza kumeza gigabaiti nzima kwa saa. Tena anafanyia kazi sebuleni kwao, wadogo zake wakipita nyuma. Nikaona aibu. Ofisini faiba inalipwa na kampuni, kiyoyozi kinalipwa na kampuni, halafu aliyeko nyumbani tunamdai video kwa hela yake na sebule ya mama yake. Sasa bando la kila aliye nje linalipwa kama sehemu ya vitendea kazi. Kamera ya kijana bado haijawaka. Nimeacha kuihesabu.

Kitu kimoja sijakiweza, na sidhani nitakiweza, nacho ni mama ntilie. Huwezi kuwakataza watu wasizungumze kazi wakila, na mawazo mazuri ya wiki huja pale, kwenye benchi, sahani mkononi. Nilichoomba ni kwamba atakayelipa bili aandike mstari mmoja kundini kabla hatujapanda ngazi, hata kama hakuna kilichoamuliwa. Wanaandika kwa mzaha, lakini wanaandika. Wa Alhamisi iliyopita ulikuwa hivi: "Wali maharage, samaki amekwisha. Tumejadili kuunganisha majedwali mawili ya malipo, wengi wanataka, hatujaamua. Dada, ni zamu yako kutukatalia."

Akatukatalia, kwa mistari minne.